Kufuli ya Simu na Ulinzi wa Mzazi
Somo kwa wazazi na wainjilisti

Zamani mtoto aliyekawia mchezoni aliitwa na giza. Hata wacheza bao walikuwa na mwisho wao: safu ya mbele ya mmoja ikiwa tupu, mchezo umekwisha, na kila mtu huenda zake. Lakini mchezo wa simu hauna machweo. Walioutengeneza wamepanga hatua juu ya hatua, na zawadi kwa yule arudiye kila siku, kusudi mchezaji asione mahali pa kuondokea. Basi kazi ile iliyofanywa na jua, sasa yatupasa kuifanya sisi wazazi. Mwezi huu twataka kujifunza habari za kufuli zilizomo ndani ya simu: zafaa kwa nini, na zashindwa wapi.

1. Kipimo cha mchezo

Hatusemi ya kuwa mchezo ni uovu. Mtoto asiyecheza kabisa, mama yake humshika paji la uso kutazama kama ana homa. Neno letu ni kiasi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri kwamba mtoto aliye chini ya miaka 2 asiketishwe mbele ya kioo cha simu wala televisheni, na wa miaka 2 hata 4 asizidi saa 1 kwa siku. Mwaka ule ule shirika hilo lilikubali kuutia uzoefu mbaya wa michezo hii katika orodha ya magonjwa, na orodha hiyo ilianza kutumika mwaka 2022. Dalili zake ni tatu: mtu hawezi kujizuia, mchezo hutangulia mambo mengine yote, naye huendelea ingawa aona madhara. Dalili hizo hutazamwa kwa muda, kwa kawaida miezi 12. Kwa hiyo tusimwite mgonjwa kila mtoto aliyenuna aliponyang'anywa simu.

2. Kufuli zenyewe

Katika simu nyingi za Android, ndani ya Mipangilio, imo sehemu iitwayo Nidhamu Dijitali. Mzazi huchagua mchezo na kuupa dakika zake, tuseme 30. Zikiisha, mchezo hufungwa hata usiku wa manane. Kufuli hii ni nyepesi, maana aijuaye simu aweza kuiondoa.

Ya pili yaitwa Family Link. Hii yafaa pale mtoto alipo na simu yake mwenyewe: mzazi, akiwa na simu nyingine, humwekea saa za siku na saa ya kulala, naye aweza kuifunga simu ile kutoka mbali. Lakini yahitaji intaneti, na akaunti ya mtoto iliyoandikwa kwa umri wake wa kweli.

Ya tatu yafaa zaidi nyumba nyingi za hapa Galula, ambamo simu ni moja, ya baba au ya mama. Ni kubandika programu moja kwenye kioo, hata mtoto asiweze kutoka humo kwenda penginepo pasipo namba ya siri. Mtoto aliyepewa simu asome hesabu, atasoma hesabu.

Tena, wengine hudhani ya kuwa bila kifurushi hakuna mchezo. Sivyo. Michezo mingi, ikiisha kuingizwa katika simu, huchezwa bila intaneti.

3. Pale kufuli ishindwapo

Mwaka 2011 serikali ya Korea Kusini iliweka sheria ya kuwafungia wenye umri chini ya miaka 16 michezo ya intaneti tangu saa 6 usiku hata saa 12 asubuhi. Wako watoto walioingia kwa namba za wazazi wao, na mwanzoni mwa mwaka 2022 sheria hiyo ilikuwa imeondolewa. China nayo, mwaka 2021, iliwapa walio chini ya miaka 18 saa 1 tu, saa 2 hata saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Ikiwa dola zenye nguvu hivyo zimetaabika, namba ya siri ambayo mtoto huiona kila siku begani pa mama yake itamzuia kwa muda gani?

Tena kufuli ya simu haifiki kwenye banda la gemu, ambapo mtoto hulipia dakika, na mwenye banda hupata faida kwa kadiri mtoto anavyokaa. Wala haifiki kwenye mashine za kamari zimezazo sarafu. Hizo si mchezo wa mtoto hata kidogo. Sheria ya nchi yetu yamkataza aliye chini ya miaka 18.

Wafugaji wa bonde hili wajua tofauti ya boma na mchungaji. Boma huzuia ng'ombe usiku, halimpeleki malishoni. Wakati wa palizi ya mpunga na ufuta twatoka alfajiri, na simu huachwa nyumbani ili wadogo watulie. Simu huwatuliza kweli, lakini haiwafundishi kazi, wala haiwaulizi wamekula nini. Tukiifunga simu bila kumpa mtoto jambo lingine, mpira, kitabu, au nafasi kando yetu shambani, tumefunga boma lenye njaa ndani.

4. Kanuni ya nyumba

Twashauri haya. Saa ya mchezo itajwe kabla mtoto hajaishika simu, si baada. Mtoto aelezwe sababu ya kufuli. Isiwe mtego wa siri, maana atajifunza siri naye. Simu isilale na mtoto. Ndugu wakubwa wasipewe namba. Na wakati wa chakula, simu ya baba nayo ikae kando. Kwa maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, naye hutazama mikono yetu kuliko asikiavyo maneno yetu.

Maswali ya kuulizana

1. Nyumbani kwako ni nani aijuaye namba ya siri ya simu?
2. Mtoto wako akimaliza dakika zake, hupata jambo gani la kufanya?
3. Je, wewe mwenyewe waweza kuiweka simu chini kwa muda ule ule umwekeao mtoto?