Kukesha Chini ya Mlima Uliolala

SOMO LA WIKI
Tusome: Luka 13:1–5; Mithali 22:3; Ezekieli 33:1–6; Matendo 24:24–25 na 28:13–14



Baada ya ibada moja, kijana wetu mmoja aliniuliza swali ambalo sikutaka kulijibu haraka pale mlangoni. Alikuwa ametazama video ya Goma, lava nyekundu ikishuka usiku kuelekea nyumba za watu. Akaniambia, "Pasta, hao watu walimkosea Mungu nini? Na sisi je, si pia tumejenga chini ya volkano?"

Hayo ni maswali mawili. La kwanza ni la hukumu, la pili ni la hekima. Nimeandika somo hili ili tuyajibu yote mawili pole pole, nyumbani na kwenye ushirika.

Hapa kwetu nimesikia yakijibiwa kwa njia mbili. Kuna wanaosema, "Goma dhambi zilizidi, Mungu akachoka." Na kuna wanaosema, "Menengai haiwezi kulipuka, tumeiombea." Yote mawili yanasikika kama imani. Lakini je, ndivyo Neno linavyotufundisha?

1. TUJUE TUNAKAA WAPI

Mlima ule tunaouona upande wa kaskazini wa jiji ni volkano. Maelfu ya miaka iliyopita ulilipuka kwa nguvu, na sehemu yake ya juu ikaporomoka ndani. Kilichobaki ni kreta ya kama kilomita 12 kwa 8, moja ya zile kubwa zaidi Afrika. Ukisimama ukingoni unaona chini lava nyeusi iliyoganda, na mahali pengine mvuke unatoka ardhini. Mvuke huo unatuambia kwamba chini bado kuna joto kali. Wataalamu wanasema volkano hiyo imelala, haijafa.

Jina Menengai watu hulieleza kuwa ni mahali pa wafu, na inasimuliwa kwamba katika vita vya Wamaasai vya karne ya 19 wapiganaji wengi walitupwa humo. Leo watu wa Mungu wanapanda huko kufunga na kuomba, hata mapangoni.

Kukaa chini ya mlima huu hatukuanza sisi. Hapa karibu, Hyrax Hill, Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na kupata makaburi na vifaa vya watu walioishi hapo zamani za kale. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 570,000 katika mji wa Nakuru, na tarehe 1 Desemba 2021 tukapewa hati ya kuwa jiji. Wote hao hawakuja kwa ujinga. Udongo wa majivu ya volkano una rutuba, ndio maana viazi na mahindi yetu yanakubali. Tangu 2011 kampuni ya serikali ya jotoardhi, GDC, imekuwa ikichimba visima ndani ya kreta, na mwaka 2023 kituo cha kwanza cha megawati 35 kilianza kutoa umeme. Moto wa chini umegeuka kuwa taa ya mtoto anayesoma usiku.

Lakini mlima huo huo unatudhuru hata ukiwa umelala. Mmeona meno ya kahawia ya watu wengi waliokulia Bonde la Ufa? Si uchafu, na si laana ya ukoo. Ni floraidi inayotoka kwenye mawe ya volkano na kuingia katika maji ya visima. Ikizidi sana inaharibu hata mifupa. Na tuelewe vizuri: kuchemsha maji hakuiondoi. Maji yanapungua kwenye sufuria, floraidi inabaki. Wenzetu wa Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru walianza miaka ya 1990 kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na kazi hiyo imesaidia familia nyingi. Tunautazama mlima tukingoja moto, kumbe madhara yameshaingia kwenye kikombe cha mtoto.

2. GOMA SI WAKOSAJI KULIKO LANET

Sasa tuende Goma, mashariki mwa Kongo. Jiji hilo liko ukingoni mwa Ziwa Kivu, na volkano ya Nyiragongo iko kilomita chache tu upande wa kaskazini. Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka ubavuni. Lava iliingia katikati ya jiji, ikafika ziwani, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuharibu Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Zaidi ya watu 100,000 walibaki bila nyumba.

Angalieni: hata kanisa liliungua. Lava haikuuliza nani ameokoka. Mtu anayesema moto ule ulichagua wenye dhambi atueleze hilo.

Baada ya siku chache watu walirudi. Wakajenga juu ya lava ile ile, na mawe yake meusi wakayafanya msingi na kuta. Tukiwa huku mbali ni rahisi kuuliza, "Kwa nini wasihame?" Lakini wengi wa watu wa Goma walifika pale wakikimbia vita vijijini kwao. Mbele kuna mlima, nyuma kuna bunduki. Hapa kwetu pia wako waliofika mwaka 2008 wakiwa na godoro na watoto tu, wakajenga walipopata. Aliyewahi kuhama hivyo hawezi kumcheka mtu wa Goma.

Katika Luka 13 watu walimletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato. Yesu mwenyewe akaongeza habari ya wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Akawauliza kama walidhani hao walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Jibu lake lilikuwa wazi: hapana. Kisha akawageuzia swali wale waliouliza, akawaambia watubu wao wenyewe.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hilo. Msiba wa jirani haukuandikwa ili tusome dhambi zake. Unatuita tulie naye, halafu kila mtu ajichunguze.

3. MLINZI ANAHITAJI TARUMBETA

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, Nyiragongo ililipuka tena. Safari hii lava ilisimama pembeni mwa jiji, karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa. Lakini sikilizeni hili: katika hesabu ya kwanza iliyotolewa, waliokufa kwa ajali za barabarani wakikimbia gizani walikuwa wengi kuliko waliochomwa na lava. Hofu bila mpango nayo inaua.

Goma wana kituo cha wataalamu wanaochunguza volkano. Kwa miezi kadhaa kabla ya siku ile kituo kilikuwa na shida ya fedha, hata intaneti ya kupokea vipimo kutoka mlimani ilikuwa imekatika. Watu hawakupata onyo. Ezekieli 33 inamzungumzia mlinzi anayeona upanga ukija. Asipopiga tarumbeta, damu ya watu inadaiwa mkononi mwake. Mimi naongeza swali: na mji uliomweka mlinzi bila kumpa tarumbeta, je?

Watu wa Goma wana neno la Kiswahili ambalo wataalamu wa dunia nzima wamelichukua: mazuku. Ni hewa nzito ya kaboni inayotoka ardhini karibu na volkano na kujaa mabondeni. Haina rangi wala harufu. Mtu au mbuzi akishuka humo anaanguka na kufa. Wazee walilijua jambo hilo na kulipa jina kabla ya mashine kulipima, na jina hilo limeokoa wengi. Basi tusidharau onyo, liwe limetoka kwa mzee wa kijiji au kwa mwanasayansi.

Mithali 22:3 inasema mwenye busara huona hatari akajificha, lakini mjinga hupita tu akaumia. Haisemi mwenye busara amekosa imani. Wapendwa, kujiandaa si kukosa imani. Tunaomba Mungu atulinde barabarani, na bado tunafunga mkanda kwenye matatu. Si ndiyo?

4. PAULO PUTEOLI, FELIKI KAISARIA

Katika Matendo 28 Paulo anapelekwa Rumi akiwa mfungwa. Meli inafika Puteoli, anawakuta ndugu pale, anakaa nao siku saba. Leo mji huo unaitwa Pozzuoli, karibu na Napoli nchini Italia, na umekaa ndani kabisa ya volkano iitwayo Campi Flegrei. Ardhi yake hupanda na kushuka. Kati ya 1982 na 1984 ilipanda karibu mita 2, na maelfu ya watu wakahamishwa kutoka mji wa zamani. Kwa hiyo kanisa la Puteoli lilikuwa kanisa la juu ya volkano, kama sisi. Paulo hakuwaambia ndugu wale kwamba wamelaaniwa kwa sababu ya mahali wanapokaa. Alikaa nao wiki nzima.

Ng'ambo ya ghuba ile kuna mlima mwingine, Vesuvio. Mwaka 79 ulilipuka na kufunika mji wa Pompei kwa majivu. Sasa rudini Matendo 24. Paulo anasimama mbele ya liwali Feliki na mkewe Drusila, ananena habari za haki, kuwa na kiasi, na hukumu itakayokuja. Feliki anaingiwa na hofu. Lakini anamwambia Paulo aende zake, atamwita akipata nafasi. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa nyakati zile, ameandika kwamba Feliki na Drusila walikuwa na mwana aliyeitwa Agripa, na kwamba huyo Agripa alikufa katika mlipuko wa Vesuvio. Ilikuwa kama miaka 20 baada ya siku ile ya Paulo.

Mtu asitoke hapa akisema kijana alikufa kwa dhambi ya babake. Luka 13 imetukataza. Mimi natazama jambo moja tu: Feliki alisikia ukweli, moyo ukatetemeka, akauahirisha. Alidhani nafasi ni kitu kilichowekwa kabatini, unakitoa ukitaka. Wengi wetu tuko hapo. Nitaokoka mwaka ujao. Nitapatana na ndugu yangu shamba likishagawanywa. Nitapeleka maji yapimwe nikipata pesa. Geukia jirani yako umwambie: "Usiahirishe kama Feliki."

Sisemi Menengai italipuka kesho. Hakuna nabii wa kututisha hapa, na akija mtu kuwauzia mafuta ya kuzuia volkano, mfukuzeni. Nasema tu kwamba mlima ukilala, sisi tusilale nao. Yesu alituambia tukeshe, na anayekesha kwa roho hawezi kuwa mvivu kwa mwili.

5. TUFANYE NINI WIKI HII

Kwanza, kila nyumba inayotumia kisima iulize kama maji yake yamepimwa floraidi. Watoto wadogo wapewe maji yaliyochujwa au ya mvua yaliyotegwa vizuri, maana meno huharibika yakiwa bado yanakua.

Pili, mvua kubwa ikinyesha, ardhi yetu ya majivu hupasuka na kudidimia mahali pengine. Ukiona ufa au shimo jipya, usilifukie kwa takataka ukanyamaza. Weka alama, zuia watoto, mwambie chifu na watu wa Nyumba Kumi.

Tatu, kila ushirika uandike majina ya wazee, wagonjwa na wasio na simu, na kukubaliana nani atamwendea nani likitokea lolote, iwe moto, mafuriko au tetemeko. Namba ya dharura ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Ibandikeni mlangoni.

Nne, na hili ni kubwa kuliko yote: kile Roho amekuonyesha ukifanye, kifanye leo.

MASWALI YA USHIRIKA

1. Umewahi kusikia msiba wa watu fulani ukielezwa kama adhabu? Luka 13 ingejibu nini?
2. Kuna tofauti gani kati ya imani na kupuuza hatari? Toa mfano wa mtaani kwako.
3. Nani ni mlinzi katika jamii yetu, na sisi tunampa tarumbeta gani?
4. Ni jambo gani umekuwa ukiliambia "nikipata nafasi"?

TUOMBEE

Ndugu zetu wa Goma, walio kati ya mlima na vita. Wataalamu wanaochunguza milima na maji yetu, wapewe vifaa na wasikilizwe. Watoto wa Nakuru, wapate maji salama. Na kila aliyesikia sauti ya Bwana juma hili, asiiahirishe. Amina.