Kufufua Mapambo ya Kale ya Nyumba na Bustani: Mwongozo kwa Mafundi na Wauzaji

Mwongozo huu umeandikwa kwa seremala, muuzaji wa vitu vya kale na mtunza bustani wa pwani. Mlango wa nakshi, kasha lenye misumari ya shaba, dele la kahawa na mtungi wa maji vina thamani kwa kuwa vimebeba mkono wa fundi wa zamani. Kazi yetu ni kuulinda mkono huo. Kanuni ni moja: tengeneza kile tu kinachohitaji kutengenezwa, na utumie njia ambayo fundi wa kesho ataweza kuitengua.

1. Kununua kwa uhalali

Muulize muuzaji kitu kimetoka nyumba gani na kwa idhini ya nani, kisha uandike jibu lake. Usiguse mawe wala vigae vya magofu.

Milango inahitaji uangalifu zaidi. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940. Nchini Kenya, Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006 inalinda zile za kabla ya 1946. Usisafirishe kitu cha aina hii nje ya nchi bila kibali. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu, ambayo ni miji ya urithi wa dunia, wasiliana na mamlaka ya hifadhi kabla ya kung'oa mlango.

2. Kukagua

- Pitisha sumaku juu ya shaba. Ikinasa, ndani mna chuma kilichopakwa rangi ya shaba tu.
- Tafuta matundu madogo kwenye mbao. Unga mpya chini yake ni dalili kwamba wadudu bado wamo. Kitenge kitu hicho mbali na vingine.
- Gonga mtungi kwa kidole. Sauti iliyokufa huashiria ufa.

3. Mbao

Anza na brashi laini, kisha kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Usikimbilie msasa: hula kingo za nakshi, na kilicholiwa hakirudi. Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usiisugue ikiwa kavu. Ilowanishe, vaa barakoa, na watoto wakae mbali.

Kiungo kilicholegea kifunguliwe na kugundishwa upya, si kupigwa msumari wa chuma. Chumvi ya hewa ya bahari hufanya chuma kishike kutu, na kutu hupasua mbao. Palipooza pazibwe kwa kipande cha mbao ya aina ileile, nyuzi zikielekea upande mmoja.

Malizia kwa nta au mafuta ya kitani, tabaka jembamba jembamba. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vinaweza kuwaka vyenyewe vikirundikwa. Vianike kimoja kimoja nje, au vitie kwenye maji.

4. Shaba

Ndimu na chumvi hung'arisha haraka kwa sababu asidi yake hula tabaka la juu la madini. Tumia kwa nadra, suuza mara moja, kausha kabisa. Chombo cha shaba nyekundu kilichobanduka bati ndani kibaki pambo, kisipikiwe chakula.

5. Bustani

Mtungi wa udongo uliokula chumvi ulowekwe kwenye maji baridi, ukibadilishiwa maji mara kadhaa. Uweke juu ya matofali ili usinyonye unyevu wa ardhini. Mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa visafishwe kwa maji na brashi pekee. Ndimu na siki huviyeyusha. Nyufa zake zizibwe kwa chokaa, kwani saruji ni ngumu mno na hufungia unyevu ndani.

6. Kumbukumbu na bei

Piga picha kabla ya kazi, wakati wa kazi na baada yake. Mkabidhi mnunuzi karatasi inayotaja asili ya kitu, ulichobadilisha na mafuta uliyotumia. Kipande kipya kitajwe kuwa kipya. Mteja anayeelezwa ukweli huo analipia kazi ya fundi kwa haki, na kitu chenyewe kinabaki na historia yake kamili.