Mbwa Mdogo Anayetapika Bila Sababu Kujulikana: Somo kwa Wahudumu wa Afya na kwa Wanaofuga

Katika kliniki ya magonjwa ya tumbo tunamwuliza mgonjwa anakula nini, anakunywa maji ya wapi, na ni nani mwingine nyumbani kwake anayeumwa kama yeye. Swali la mwisho hujibiwa kwa kuhesabu watu. Mbwa hatajwi, ingawa hula mabaki ya sufuria ile ile, hunywa maji ya ndoo ile ile na hulala penye vumbi wanapochezea watoto. Makala haya yanamhusu huyo asiyetajwa: mbwa mdogo ambaye kwa majuma au miezi hutapika, huhara, hukataa chakula siku mbili kisha hula kana kwamba hapakutokea neno, na ambaye kila jirani ameshampa mwenyewe dawa yake. Mifano nimeitoa zaidi Mwitongo na vijiji vilivyo kati ya Butiama, Musoma na Bunda, kwa sababu huko ng'ombe, samaki wa ziwa, mahindi na muhogo hukutana katika ua mmoja, na kila kimoja kwa namna yake kinaweza kumtapisha mbwa.

Mimi ni tabibu wa binadamu. Kumtibu mbwa ni kazi ya daktari wa mifugo, nami siinyang'anyi. Ninalotaka ni mfugaji afike kwa daktari huyo akiwa na habari za kutosha, na mhudumu wa afya atambue kwamba ugonjwa wa mbwa unaweza kuwa taarifa ya kwanza ya ugonjwa wa nyumba nzima.

Kutapika na kucheua

Mfugaji husema "anatapika" kwa kila kitokacho mdomoni, na hapo ndipo uchunguzi hupotea njia mapema. Mbwa anayetapika hutangulia kutoa mate mengi na kulamba midomo. Kisha tumbo humbana mara kadhaa ndipo kitu kitoke, mara nyingi kimechanganyika na nyongo ya manjano. Mbwa anayecheua hana maandalizi hayo. Huinamisha kichwa tu, na chakula hurudi kama kilivyoingia, pengine kwa umbo la mrija, muda mfupi baada ya kula. Wa kwanza ana tatizo la tumbo, utumbo, au kiungo kingine kinacholichafua tumbo: ini, figo, kongosho. Wa pili ana tatizo la umio. Kama una simu yenye kamera, mrekodi. Picha ya nusu dakika humfaa daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Karibu na ziwa, jambo la kwanza la kufikiria kwa mbwa anayecheua ghafla ni mwiba wa sangara au sato uliokwama. Lakini kuna sababu nyingine ambayo wafugaji wengi hawajaisikia, na ambayo huchukua miezi kujionyesha. Ni mnyoo uitwao kitaalamu Spirocerca lupi, unaojulikana vema Afrika Mashariki. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, nayo huliwa na wale wadudu weusi wenye gamba wanaoviringisha mavi. Mbwa humla mdudu huyo, au humla kuku, mjusi au panya aliyemla mdudu, na utumbo mbichi wa kuku aliyechinjwa ni njia nyepesi mno. Ndani ya mbwa, viluwiluwi hutoboa ukuta wa tumbo, hupanda kwa mishipa mikubwa ya damu hadi kifuani, hukaa huko kwa miezi, kisha huhamia kwenye umio na kufanya vinundu. Kinundu kikikua, chakula hakipiti vizuri. Mbwa hucheua, hutoa mate, hukonda, na hakuna anayejua kwa nini. Baadhi ya vinundu hivyo hugeuka saratani. Kipimo cha choo kinaweza kuonekana safi hali mnyoo yupo, kwa kuwa mayai hayatoki kila siku. Huhitajika picha ya eksirei ya kifua au kamera ya umio. Dawa ipo, na hufaa zaidi kabla ya saratani. Ua wenye zizi, kuku na mbwa pamoja, kama zilivyo nyua nyingi za Butiama, una kila kitu ambacho mnyoo huyu anakihitaji. Mnyoo huyu si wa binadamu. Mwenye mbwa asihofu upande huo.

Gunia moja, walaji wengi

Desturi yetu ni kwamba mahindi yaliyovunda hayatupwi. Mazuri husagwa kwa ajili ya watu; yenye ukungu huwa ya kuku, ng'ombe na mbwa. Kwa macho ya matumizi mema ya mali desturi hii ina akili. Kwa macho ya tabibu ni hatari, kwa sababu ukungu fulani hutoa sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupikwa: moto wa ugali hauivunji. Ng'ombe akila, sehemu yake hutoka katika maziwa.

Mbwa ni dhaifu sana mbele ya sumu hii. Hukataa chakula, hutapika, hulegea. Baadaye macho na ufizi hugeuka manjano, na damu huanza kutoka kwa sababu ini halitengenezi tena vitu vya kuigandisha. Mwaka 1974, katika majimbo ya Rajasthan na Gujarat huko India, watu 397 waliugua manjano na kujaa maji tumboni baada ya kula mahindi yenye ukungu, 106 walifariki. Mbwa wa vijiji hivyo nao waliugua ugonjwa huo huo. Kwetu, mwaka 2016, sumukuvu iliwapata watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki. Mkoa wa Mara haukuwamo katika tukio lile, lakini mahindi husafiri kwa lori, na ukungu hauulizi mpaka wa mkoa.

Kwa hiyo, mfugaji anapomwambia muuguzi wa zahanati, hata kwa mzaha, kwamba mbwa wake hutapika kila akila ugali wa gunia jipya, muuguzi asicheke na kupita. Aulize gunia lilinunuliwa lini, lilikaa wapi, lina harufu gani, na je, kuku wanakufa? Nilipata kumhudumia mzee aliyekuja kwa kichefuchefu na uchovu wa majuma mawili, ambaye alipokuwa akivaa viatu ili aondoke ndipo aliposema kwamba afadhali yeye, maana mbwa ameacha kula kabisa. Tulirudi kwenye kiti. Gunia lake lilikuwa limelowa chini kwa mvua ya dirishani. Lilitupwa, na vipimo vya ini lake vilitengemaa katika miezi iliyofuata. Sitadai kwamba gunia ndilo lililokuwa chanzo. Nadai kwamba bila mbwa tusingeliuliza.

Muhogo nao una habari yake. Mchungu usiporowekwa na kukaushwa inavyotakiwa hubaki na sumu ya sianidi, na mbwa aliyeiba vipande vilivyoanikwa kabla havijawa tayari anaweza kutapika na kuhema kwa shida katika muda wa saa chache. Wakazi wa Tarime hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili: mwaka 1985, wakati wa ukame, utayarishaji wa muhogo ulifupishwa kwa sababu ya njaa, na miguu ya watu ikapooza kwa ugonjwa wa konzo.

Dagaa waliokaushwa juu ya mchanga humwachia mbwa mchanga tumboni. Dawa ya kuogeshea ng'ombe na sumu ya panya huua upesi, hazisubiri miezi.

Daftari, kisha chakula kimoja

Kama mbwa hana dalili za hatari, na ametapika kwa zaidi ya majuma matatu, mfugaji aanze daftari. Saa, alichokula, kilichotoka, choo kilikuwaje, basi. Majuma mawili ya daftari la kweli huonyesha mambo ambayo kumbukumbu huyaficha. Mbwa mdogo anayetapika povu la manjano alfajiri tu, kabla ya kula, mara nyingi hupata nafuu kwa kupewa kijilo kidogo usiku kabla ya kulala. Anayeugua kila wageni wanapokuja au baada ya safari, akapona mwenyewe, kisha akaugua tena, anastahili kupimwa damu kwa ajili ya upungufu wa homoni za tezi zilizo juu ya figo, ugonjwa unaojificha kwa ustadi na unaotibika vizuri ukijulikana.

Minyoo ya kawaida iondolewe kwanza, na hapa binadamu tunahusika moja kwa moja. Minyoo mviringo ya mbwa humwingia mtoto wake angali tumboni mwa mama, kwa hiyo watoto wa mbwa hupewa dawa kuanzia majuma mawili ya umri, na hurudiwa. Mayai yakikaa udongoni kwa majuma kadhaa huwa tayari kumwambukiza mtoto wa mtu anayelamba vidole, na viluwiluwi wake wanaweza kufika kwenye ini na hata jicho. Kinyesi cha leo kikizolewa leo, njia hiyo hukatika.

Baada ya minyoo, chakula. Mbwa wengi wenye tumbo sugu lisilo na sababu nyingine hupona kwa kubadilishiwa chakula tu, na dalili za nafuu huonekana mara nyingi ndani ya majuma mawili. Sharti ni kuchagua nyama ya aina moja ambayo mbwa hajazoea, pamoja na wanga wa aina moja. Aliyelelewa kwa dagaa apewe, kwa mfano, nyama ya mbuzi isiyo na mafuta, iliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, pamoja na wali; kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku. Hakuna kingine: si maziwa, si mfupa, si kipande cha chapati. Katika nyumba nyingi jaribio hili huvunjwa na watoto, wala si kwa ubaya. Waelezeni, au wapeni wao kazi ya kuandika daftari. Na mlo huo haujakamilika kwa madini, chokaa hasa; usipite majuma machache bila ushauri wa daktari wa mifugo, na mbwa anayekua asipewe bila ushauri huo.

Juu ya dawa nitasema kwa ukali kidogo. Diklofenaki na ibuprofeni za binadamu hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake. Ivomekitini ya ng'ombe ni kali mno kwa mnyama wa kilo nne. Kosa la matone machache ni kosa kubwa. Metronidazo inayonunuliwa dukani kila mara mbwa aharapo hutuliza kwa siku tatu na kuficha ugonjwa kwa mwaka. Steroidi zije mwisho, kwa mkono wa daktari, baada ya vipimo.

Asiingize mkono mdomoni

Kichaa cha mbwa bado kipo katika mkoa wa Mara, ingawa mbwa wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti wamekuwa wakichanjwa kwa miaka mingi. Mbwa aliyetapika kwa miezi mitatu hana kichaa kwa sababu ya kutapika huko, maana dalili za kichaa zikianza mbwa hufa kwa kawaida ndani ya siku kumi. Hilo ni faraja ya kweli. Lakini mbwa yule yule anaweza kuambukizwa kesho. Mwenye kichaa anaweza kuachama, kudondosha mate, kushindwa kumeza na kubadilika sauti, na mfugaji wa pwani ya ziwa hufikiri mara moja: mwiba. Humshika taya na kuingiza vidole.

Kwa hiyo mhudumu wa afya asiulize tu, "Umeng'atwa?" Aulize pia, "Uliingiza mkono mdomoni mwake? Ulikuwa na mchubuko?" Mate kwenye mchubuko yanatosha. Mkono uoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na chanjo ianze bila kungoja kuona mbwa atakavyokuwa.

Wakati wa kutosubiri, na muda mrefu unaofuata

Mbwa mdogo hana akiba. Kutapika damu, tumbo kuvimba na kuwa gumu, ufizi mweupe au wa manjano, kushindwa kubakiza hata maji kwa siku nzima, au mtoto wa mbwa asiyechanjwa anayehara damu: hayo ni ya saa hiyo hiyo. Mwone afisa mifugo wa kata, naye atakuelekeza kwa daktari wa mifugo wa wilaya. Kwa vipimo vizito zaidi iko Mwanza, na hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

Wapo ambao hata baada ya hayo yote sababu haipatikani, au fedha haitoshi kuitafuta. Wafugaji hao huchoka. Huamka usiku kufuta sakafu, hujilaumu kwa kila tonge, na wengine ni wazee wanaoishi peke yao, ambao mbwa ndiye mwenzi wa kuzungumza naye jioni. Muuguzi akisikia hayo asiyapuuze. Kwa mbwa wa namna hii kipimo cha kuaminika kuliko matapishi ni uzito. Panda mzani ukiwa umembeba, panda tena peke yako, toa. Andika mara moja kila mwezi. Mbwa anayetapika mara mbili kwa juma lakini uzito umesimama anaweza kuishi hivyo miaka mingi kwa mlo alioutambua mwenyewe. Uzito ukishuka miezi miwili mfululizo, usingoje wa tatu.