JINSI MOTO WA MSITUNI UNAVYOZIMWA

“Kinga na kinga ndipo moto uwakapo,” husema wahenga. Methali hiyo yatufundisha umoja, lakini ndani yake mna pia elimu ya kuzima moto: ukizitenga kinga, moto hufa.

Tarehe 11 Oktoba, 2020, moto ulizuka katika mlima Kilimanjaro, mahali paitwapo Whona, penye njia ya wapandao mlima. Wakuu wa hifadhi walieleza kwamba ulitokana na moto mdogo wa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Upepo uliueneza katika vichaka vikavu, hata watu wapatao 500 wakapanda kwenda kupambana nao, kazi iliyopita juma zima.

Wazimaji wa moto mlimani hawategemei maji kama wale wa mjini, kwani magari hayafiki huko na maji huwa mbali. Silaha zao ni panga, jembe na matawi mabichi ya kuupigia moto. Kwanza mkuu wao hutazama upepo na mteremko, kwa maana moto hupanda mlima upesi kuliko ushukavyo. Huwapanga watu wake nyuma na pembeni mwa moto, na kumwonyesha kila mmoja njia ya kukimbilia. Kisha hufyeka ukanda mrefu na kuparuza majani yote mpaka udongo mtupu uonekane. Moto ufikapo hapo hukosa chakula.

Ndimi za moto zikiisha, kazi haijaisha. Mizizi na mboji huweza kufukuta chini ya ardhi siku nyingi, na upepo mmoja waweza kuamsha moto upya. Kwa hiyo wazimaji hurudi, wakatafuta penye joto, wakachimba na kuyatawanya makaa.

Baada ya hayo mlima wahitaji kupona. Miti na vichaka vya juu hunasa ukungu na kuudondosha ardhini uwe maji. Vikiteketea, mvua huukokota udongo uliobaki uchi, na watu wa mashambani chini hupungukiwa na maji. Basi mahali palipoungua pasilishwe mifugo wala kukatwa kuni, bali paachwe pachipue.

Msomaji, watu 500 walitaabika kwa sababu ya moto wa kupashia chakula. Uondokapo porini, yamwagie maji makaa yako na kuyakoroga, kisha yapapase udongo kwa mkono: ukiwa na joto bado, usiondoke.