Chai Tumeshaiona, Tuonyesheni Watu

 Leo najibu barua moja tu, ya msichana wa chuo kule Bomet, kwa sababu swali lake ni la wengi wenu. Anaandika hivi: "Dada, mimi na wenzangu watatu tumetengeneza filamu fupi ya dakika sita kuhusu mama mchuna chai. Mwalimu ameitazama, akasema inapendeza macho lakini haisemi kitu. Sasa anataka tuandike kurasa tatu za tafakari juu ya kazi yetu. Tuandike nini? Au tuanze upya?"

Ngoja nibahatishe, mdogo wangu. Filamu yenu inaanza na vilima vya chai na ukungu. Halafu mikono inachuna, majani mawili na chipukizi. Halafu mama anapita na kikapu mgongoni, taratibu kuliko mtu yeyote anayelipwa kwa kilo anavyoweza kutembea, kwa sababu mlimwomba apunguze mwendo. Filimbi mliyoitoa kwenye intaneti inalia. Jua linazama. Mama mwenyewe hajasema neno.

Kama nimepatia, mwalimu wenu hakuwaonea. Picha hiyo iko kwenye kalenda, kwenye pakiti za chai na kwenye matangazo ya utalii. Tangu kampuni za Uingereza zilipofungua mashamba makubwa ya Kericho katika miaka ya 1920, ule ukijani umepigwa picha na watu wanaopita. Nanyi, mliozaliwa humo, mkaenda kupiga picha kama wageni walioshuka jana hotelini.

Mgeni hajui mnayoyajua. Hajui kungoja lori la kiwanda kwenye kituo cha kununulia majani, giza linaingia, majani yanapata joto ndani ya gunia, na kila mtu anahesabu kilo atakazokatwa. Hajui Oktoba, mwezi wa bonasi ya chai, jinsi nyumba moja inavyonunua mabati na ya pili inavyonuna. Hajui uchungu wa mkulima wa Konoin, kwenu Bomet, anaposikia redioni walichopata wenzake wa Kirinyaga kwa kilo ileile moja. Mkulima mmoja, jioni moja, lori limechelewa, na karo inangojewa kesho asubuhi: hapo mna filamu ya dakika sita, na kilima hakihitajiki hata mara moja. Mtu anataka kitu, saa zinamwishia. Sisi watazamaji tutakaa.

Kabla hamjagusa yenu tena, tafuteni Watu Wote, ya mwaka 2017. Ni filamu fupi ya dakika 22, kazi ya kuhitimu ya wanafunzi wa Hamburg Media School ya Ujerumani, iliyoongozwa na Katja Benrath, ikapigwa hapa Kenya, kwa Kiswahili na Kisomali. Inatokana na shambulio la basi la Desemba 2015 kaunti ya Mandera, pale abiria Waislamu walipokataa magaidi wawatenganishe na Wakristo. Mmoja wa abiria hao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi siku hiyo, akafariki mwezi uliofuata. Filamu ilishinda tuzo ya dhahabu katika tuzo za Academy za wanafunzi mwaka 2017, na mwaka 2018 ikawania Oscar yenyewe.

Angalieni ilivyojibana. Haikujaribu kueleza ugaidi wote wa kaskazini mashariki. Ilimchukua mwanamke mmoja Mkristo, asiyewaamini Waislamu, ikamketisha kati yao ndani ya basi. Basi. Nami naipenda huku ikiniuma kidogo, maana kisa kilikuwa chetu na aliyekikimbilia akatoka Hamburg. Kwenu pia viko visa vya namna hiyo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi wa makabila ya kutoka nje ya eneo hilo walishambuliwa katika mashamba ya chai ya Kericho, wakakimbia. Waulizeni wazazi wenu, kwa upole na bila kamera kwanza, nani alimfungulia nani mlango siku zile za mashambulio.

Nimesema bila kamera kwanza, na hapa nitakaa kidogo. Februari 2023 BBC ilionyesha uchunguzi uliofanywa kwa kamera za siri katika mashamba ya chai ya Kericho, ambamo wanawake zaidi ya 70 walisimulia kudhulumiwa kingono na wasimamizi wao. Mei mwaka huohuo, mashine za kuchuna chai zilichomwa moto kwa hasira ya ajira kupotea. Kwa hiyo mwanafunzi anapoingia shambani na simu mkononi akasema "ni ya shule tu", mama anayechuna hasikii shule. Anasikia nyapara, kambi anamoishi na watoto wake, na kazi inayoweza kwisha kesho. Akikubali kwa kutabasamu, huenda ametabasamu kwa woga. Mwelezeni nani ataiona filamu na itawekwa wapi. Mwambieni ana haki ya kukataa leo na haki ya kukataa wiki ijayo. Mkiona anasita, mwacheni. Nendeni kwa mkulima mdogo mwenye shamba lake mwenyewe, ambaye akisema ndiyo hana wa kumwogopa. Na shamba la kampuni ni mali ya mtu. Ruhusa huombwa ofisini, kwa barua ya chuo, wala si kwa kumbembeleza askari wa getini.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni kwa filamu inayotengenezwa ili ionyeshwe hadharani au iuzwe. Kama mna ndoto ya kuipeleka nje ya darasa, mwambieni mwalimu mapema. Droni pia ina masharti yake kwa mamlaka ya usafiri wa anga. Mimi lakini ningewaambia muiache droni hata kama ingekuwa halali na ya bure.

Mambo ya ufundi nitayapitia haraka. Kericho na Bomet mvua huja alasiri, mara nyingi na mawe yake, basi pigeni asubuhi. Saa sita mchana jua liko utosini na macho ya mtu yanageuka mashimo, mpelekeni kivulini. Bonyezeni kioo cha simu pale uso wa mtu unapoonekana, mshikilie mpaka mwanga ujifunge, la sivyo ukijani wote ule utaidanganya kamera. Zimeni mawasiliano ya simu, shangazi asipige katikati ya machozi. Sauti ndiyo inayoua filamu za wanafunzi wengi kuliko picha: simu ya pili iwekeni kwenye mfuko wa shati la msemaji, irekodi, na msirekodi mahojiano ndani ya nyumba ya mabati wakati mawingu yanakusanyika. Halafu, mwenye simu nzuri si lazima awe mwongozaji. Najua mmegombania hilo.

Na lugha? Kama kogo, yaani nyanya, anasimulia vizuri kwa Kipsigis, asimulie kwa Kipsigis, nanyi muandike tafsiri chini ya picha. Mkimlazimisha Kiswahili cha mtihani atawapa majibu ya mtihani.

Sasa hizo kurasa tatu. Nawajua: mtaandika kwamba mlijifunza ushirikiano, kwamba changamoto zilikuwa mvua na uhaba wa fedha, kisha mtamshukuru Mungu na mwalimu. Mungu anastahili, lakini hiyo si tafakari. Chukueni picha moja, ile ya mama akitembea taratibu. Andikeni nani aliamua apunguze mwendo, na kwa nini. Mlitaka mtazamaji ahisi nini? Je, mlipomwonyesha mtu asiyewajua, alihisi hicho au kingine? Kwa nini mama hasemi kwa dakika sita nzima: hakutaka, au hakuna aliyemuuliza? Jina lake mnalijua? Mkijibu hayo kwa ukweli, kurasa tatu hazitatosha, na mwalimu atasoma kitu ambacho hajakisoma kwa wengine. Tena andikeni kila mmoja peke yake kabla ya kuunganisha. Mtashangaa mlikuwa mnatengeneza filamu nne tofauti.

Msianze upya. Rudini asubuhi moja, mkiwa wawili, bila stendi wala kelele. Kama mama yuko tayari, muulizeni swali moja lenye jibu refu, kwa mfano siku gani kazini anaikumbuka zaidi, kisha mnyamaze. Rekodini sauti tu. Iwekeni chini ya picha mlizonazo, muondoe filimbi, mkate ukungu wote isipokuwa pale anapoutaja yeye mwenyewe. Dakika sita zikigeuka tatu, bora zaidi.

Mkimaliza, mtazamaji wa kwanza asiwe mwalimu. Pelekeni simu nyumbani kwa mama huyo, mketi naye, aione yote. Akisema pale mtoe, toeni.