"Huna Ruhusa ya Kuuza Bidhaa Yetu": Somo Nililopata kwa Wazamiaji wa Marekani

Ndugu yangu unayeuza mtandaoni, kama unauza mali yenye jina la kampuni kubwa na wewe si wakala wake, soma hii mpaka mwisho. Mimi somo hili nimelilipia.

Nipo Unguja. Nauza miwani ya kuzamia, mapezi ya miguuni na mabomba ya kupumulia, na wateja wangu wengi ni vijana wanaopeleka watalii baharini Nungwi, Matemwe na Kizimkazi. Kuna msimu nilileta mzigo kutoka Dubai, miwani 20 na mapezi jozi 15, mali halisi kabisa. Pesa yake, milioni 2 na laki 3, nilikopa kwenye kikoba. Nikapiga picha, nikanakili maelezo kutoka tovuti ya kampuni, nikaposti. Ndani ya maelezo yale kulikuwa na mstari unaosema "garantii miaka miwili". Sikuufuta.

Wiki ya pili yakanikuta mawili kwa mpigo. La kwanza, ujumbe kutoka kwa wakala wa chapa ile: "Huna ruhusa ya kuuza bidhaa yetu mtandaoni. Ondoa matangazo yote." La pili, kaka mmoja mwenye boti akaja na miwani mkononi, kibano cha mkanda kimekatika. Alikuwa ameshakwenda kwa wakala, wakamwambia arudi alikonunua.

"Dada, wewe mwenyewe uliandika garantii. Sasa hiyo garantii ipo wapi?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nikaanza kutafuta: hivi kampuni inaweza kweli kunizuia kuuza kitu nilichokinunua kwa pesa yangu? Ndipo nikakutana na mkasa wa wazamiaji wa Marekani. Nasema wazamiaji wa kwenda chini ya maji na mtungi, si wale wa kujificha kwenye meli.

MKASA ULIVYOKUWA

Biashara ya mtandaoni ilipoanza kuchangamka Marekani, miaka ya mwisho ya 1990, kampuni kubwa za vifaa vya kuzamia kama Scubapro na Aqua Lung zilikuwa zinauza kupitia maduka yaliyosaini mkataba wa uwakala tu. Mkataba uliliambia duka: uza ukiwa dukani kwako, ana kwa ana na mteja, usitangaze chini ya bei fulani, wala usimpe mzigo muuzaji mwingine ambaye si wakala. Ukivunja, unanyang'anywa uwakala.

Tuwe wakweli, kampuni zilikuwa na hoja. Regulata ya kuzamia ni ndugu wa ile ya mtungi wa gesi jikoni. Inapokea hewa iliyobanwa kwenye mtungi kwa kiasi cha bar 200 na kuishusha mpaka kiwango ambacho mtu anaweza kupumua. Ikigoma ukiwa mita 25 chini, huna muda wa kumtafuta fundi. Tena duka la mtaani ndilo linalofundisha watu kuzamia, kujaza mitungi na kufanya matengenezo. Maduka mengi yalikuwa yanatoza masomo bei ndogo yakitegemea kurudisha faida kwenye vifaa. Mteja akipimishiwa fulana ya kuelea dukani kwa saa nzima, kisha akaenda kuinunua mtandaoni, duka limefanya kazi ya bure.

Lakini wateja nao walikuwa na macho. Waliuliza: kama shida ni usalama, mbona hata miwani, mapezi na mifuko nayo imezuiwa? Pezi lina hatari gani likiuzwa kwa posta? Na mbona regulata ile ile inauzwa kwa bei ya chini kwenye maduka ya mtandaoni ya Uingereza? Wengi wakaona kwamba kinacholindwa hapa ni bei, usalama umetangulizwa mbele tu kama pazia.

WATEJA WALIVYOJIBU

Hawakuandamana. Walijibu kwa pochi zao.

Wengine waliagiza nje ya nchi. Wengine walihamia chapa zilizoruhusu kuuzwa mtandaoni. Wengine walinunua kwa wauzaji wasio mawakala, na aliyejulikana zaidi alikuwa LeisurePro wa New York. Alikuwa anapata mali halisi kwa njia za pembeni na kuiuza kwa bei nafuu.

Hapo kampuni zikatumia silaha yao kubwa, nayo ni garantii. Zilisema: ukinunua kwa asiye wakala, hatukujui. Kwa regulata hilo ni jambo zito, kwa sababu inahitaji kufunguliwa na kubadilishwa mipira na vipuri vyake mara kwa mara, na baadhi ya chapa zilikuwa zinatoa vipuri vya bure kwa aliyenunua kwa wakala na kufuata ratiba ya matengenezo. Vipuri vyenyewe kampuni nyingi hazikuwauzia watu binafsi.

LeisurePro walifanya nini? Waliweka garantii yao wenyewe. Wakamwambia mteja, kwa maana, kampuni ikikukataa, njoo kwetu. Watu wakanunua. Baadaye chapa ya HOG ikaenda mbali zaidi: mzamiaji akishapita kozi ya matengenezo, inamuuzia vipuri ajihudumie.

Taratibu mlango ukafunguka. Leo chapa nyingi zilizokuwa zinakataa kabisa zinaruhusu mawakala wao kuuza kwenye tovuti zao, ingawa masharti ya bei bado yapo.

SHERIA INASEMAJE?

Usiende na dhana kwamba sheria iko upande wako moja kwa moja. Marekani, tangu 1919, mahakama kuu ilikubali kwamba mtengenezaji anaweza kuchagua atakayefanya naye biashara. Kumpangia muuzaji bei ya chini kwa makubaliano kulikuwa haramu moja kwa moja tangu 1911, lakini mwaka 2007 mahakama hiyo hiyo ikageuza. Kesi ilihusu duka la Texas lililokuwa likiuza mikanda na mikoba ya chapa ya Brighton kwa punguzo. Kampuni ya Leegin ikasitisha kulipa mzigo. Majaji 5 dhidi ya 4 wakasema mambo kama haya yapimwe kesi kwa kesi. Jimbo la Maryland halikuridhika, mwaka 2009 likatunga sheria yake ya kukataza.

Ulaya ilikwenda tofauti kidogo. Mwaka 2011, kwenye kesi ya vipodozi vya Pierre Fabre, kampuni ilidai bidhaa zake lazima ziuzwe mbele ya mtaalamu wa dawa, kwa hiyo mtandaoni hapana. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ikasema kufungia mtandao wote namna hiyo ni kubana ushindani, isipokuwa pawe na sababu ya msingi. Ukiangalia, ni hoja ile ile ya regulata.

Kwa majirani zetu Kenya, sheria ya ushindani ya 2010 inataja kabisa kwamba kumpangia muuzaji bei ya chini ya kuuzia ni moja ya makatazo. Tanzania Bara, Tume ya Ushindani, FCC, utaisikia zaidi kwenye bidhaa bandia. Usichanganye. Mali halisi isiyopitia kwa wakala ni jambo moja, mali feki ni jambo lingine, na feki hakuna garantii ya dukani itakayoisafisha.

NINACHOFANYA SASA

Yule kaka nilimpa miwani mpya kutoka kwenye mzigo. Nilipata hasara, lakini nililala. Halafu nikabadilisha mambo haya:

1. Nasema ukweli kwenye posti yenyewe. Naandika: "Mali halisi, mimi si wakala rasmi, garantii ni yangu mwenyewe, miezi 6, kibano na mkanda." Niliogopa watu watakimbia. Waliokimbia ni wachache kuliko nilivyodhani.

2. Garantii yangu ina bajeti. Kila mzigo natenga miwani 2 na mikanda kadhaa ya akiba, na gharama yake naiingiza kwenye bei. Ukiahidi bila kutenga, unaahidi kwa pesa ya kikoba.

3. Sinakili maelezo wala picha za kampuni. Napiga picha zangu, naandika maneno yangu. Wakala aliponirudia safari ya pili hakuwa na posti ya kulalamikia, maana hakukuwa na chochote kinachoonyesha mimi ni wao.

4. Natunza risiti za mzigo na serial namba kwa bidhaa zinazokuwa nazo. Mtu akisema feki, naweka karatasi mezani.

5. Regulata siuzi. Sina fundi, sina vipuri. Kwenye kitu kinachobeba pumzi ya mtu, kampuni zilikuwa na haki kuwa wakali. Mteja akiulizia, namwelekeza kwa wakala, na yule yule wakala siku hizi ananiletea wateja wa mapezi.

6. Bei naiweka wazi. Kule Marekani maduka yaliandika "piga simu upate bei" kwa sababu mkataba uliwakataza kutangaza bei ya chini. Wewe hakuna aliyekukataza. Sasa "bei njoo inbox" unamwogopa nani?

Kampuni inaweza kukunyima uwakala, mzigo na jina lake. Lakini siku kifaa kinapoharibika, mteja hataangalia nani ana mkataba na kiwanda. Ataangalia nani anapokea simu. Pokea.

Na wewe, umeshawahi kuambiwa "ondoa matangazo"? Ilikuwa bidhaa gani, na ulifanyaje? Niandikie hapo chini, na mtumie mwenzako anayepanga kuagiza mzigo mwezi huu.