Asili Nyumbani Huanzia Dirishani

Ukipita maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, siku hizi utauziwa ukoka wa plastiki kwa mita, karatasi za ukutani zenye picha za mawe na mianzi, na maua ya bandia ya kila rangi. Wateja hawakosekani, na sababu inaeleweka: aliyetoka kwenye foleni ya Mbagala au Kimara anataka akifika kwake akute mahali pa kupumua. Lakini vitu hivyo huiga sura ya asili tu. Vinashika vumbi, vinapauka, na chumba kinabaki na joto lake na giza lake. Iko njia nyingine, na sehemu yake kubwa haigharimu kitu.

Kabla ya kununua chungu au mche, shughulikia hewa na mwanga. Mafundi wa zamani wa Mwambao walilijua hilo. Nyumba za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na ndani yake mna ua ulio wazi kwa juu unaoingiza mwanga na kuitoa hewa ya moto. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hazikuweza kuvuka nafasi kubwa kuliko mita tatu hivi. Aliyekaa humo mchana wa kaskazi anaujua ubaridi wake. Hatuwezi sote kujenga hivyo, na mikoko yenyewe sasa inalindwa, ila kanuni inabaki: hewa iwe na pa kuingilia na pa kutokea.

Nyumba nyingi za kupanga za leo zinakosea hapo. Dirisha la alumini la kusukuma hufunguka nusu tu, na nusu hiyo nayo mara nyingi imezibwa na mgongo wa kochi au kabati. Sogeza kabati. Shusha wavu wa mbu uuoshe kwa maji ya sabuni, maana wavu uliojaa vumbi huzuia upepo kuliko watu wanavyodhani. Kama chumba kina tundu moja tu, fungua na mlango wa upande wa pili ili upepo upite. Dirisha la magharibi ndilo linalokichemsha chumba kuanzia saa tisa alasiri hadi jua lizame. Hilo liwekee pazia, chiki au mmea mrefu kwa nje. Madirisha mengine yavae pamba nyepesi, si yale mapazia mazito ya kung'aa ambayo kazi yake kubwa ni kumwonyesha mgeni kwamba yalinunuliwa ghali.

Halafu tazama viti vyako vimeelekea wapi. Katika sebule nyingi vyote vinatazama televisheni, na mwembe wa jirani uko nyuma ya kisogo. Mwaka 1984 mtafiti Mmarekani Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao dirisha lao lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka hospitali mapema kidogo, tofauti isiyofika siku moja kwa wastani, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Ni hospitali moja na watu wachache, kwa hiyo tusiyabebeshe matokeo hayo mzigo mkubwa. Ila kama una mti mbele ya dirisha, kugeuza kiti kimoja kiutazame hakukugharimu hata senti.

Usiku una kanuni yake. Balbu zinazouzwa sana ni zile nyeupe kali zilizoandikwa 6500K kwenye boksi. Hizo zinafaa jikoni na mezani pa kusomea. Sebuleni na chumbani tafuta zenye 2700K au 3000K, ambazo mwanga wake ni wa njano kama wa taa ya kandili, na uzishushe chini kwenye meza au kona badala ya kumulika dari nzima.

Sasa tuje kwenye vitu vyenyewe, na hapa Mswahili hana haja ya kwenda mbali. Mkeka umekuwepo muda wote, tumeusukuma tu uvunguni. Mzuri husukwa kwa ukindu, yaani majani machanga ya mkindu, ambayo hukatwa, huanikwa, huchanwa na kutiwa rangi kabla ya kusukwa ukili. Ukili nao hushonwa pamoja mpaka upana utimie. Jamvi la miaa ni gumu zaidi na hufaa varandani au chini ya mkeka. Ukienda kununua, pindua mkeka utazame mshono: ukili uliokazwa vizuri hauonyeshi mwanya, na pindo lake halifumuki ukilivuta kwa kidole. Wasusi wa Pemba, Unguja na Rufiji wanajua kutengeneza kwa oda, ukiwapelekea vipimo vya chumba na rangi unazotaka. Mimi ningeomba mkeka wa rangi ya ukindu wenyewe na mstari mmoja au miwili tu ya rangi nyingine. Ile mikeka ya rangi saba ni mizuri shughulini, ila kwenye chumba kidogo inapiga kelele.

Mkeka haupigwi deki kwa maji mengi, kwa sababu rangi za dukani huchuja na ukindu uliolowa huota ukungu. Futa kwa kitambaa kilichokamuliwa, na wakati wa masika kila jua linapotoka uanike, upande wa chini ukitazama juu. Ukiuweka, ukunje kwa kuuviringisha. Ukikunjwa mara nne kama shuka, ukili hukatika kwenye mikunjo.

Vivyo hivyo kwa vyombo vingine. Kawa za kufunikia chakula na nyungo za kupepetea, tatu au nne za ukubwa tofauti, hupamba ukuta mweupe vizuri kuliko picha nyingi za fremu, na mpangaji anazining'iniza kwa msumari mdogo bila kugombana na mwenye nyumba. Pakacha litawekewa matunda. Kiondo cha Wakamba au Wakikuyu kitabeba nguo za kufua au vitu vya watoto. Zulia la katani linastahimili miguu mingi, ila ni la kukwaruza, hivyo si la mahali mtoto anapotambaa.

Mbao nazo zichaguliwe kwa akili. Meza moja ya mninga au msaji iliyopakwa mafuta, mishipa ya mti ikionekana, hutosha kuubadili uso wa sebule. Huna haja ya seti nzima. Mbao zilizokwisha kutumika, milango ya zamani na mapande ya majahazi yaliyochoka, hutoa samani zenye sura yake bila mti mpya kukatwa. Ukinunua mpya, muulize fundi ilikotoka na kama ina kibali. Mianzi ni rahisi na inavutia, lakini hubunguliwa haraka. Ukiona unga laini chini ya kiti cha mianzi, wadudu wameshaingia. Nunua iliyolowekwa majini majuma kadhaa ikakaushwa, au iliyotiwa dawa.

Na mtungi? Udongo usiopakwa rangi hupitisha maji kidogo kidogo, na maji hayo yanapogeuka mvuke huondoka na joto la chombo. Dodoma, ambako hewa ni kavu, mtungi hupoza maji barabara. Tanga au Mombasa, penye unyevu mwingi hewani, kazi hiyo hupungua, ingawa mtungi bado ni kitu kizuri cha kona. Ufunikwe daima.

Nimeiacha mimea mpaka sasa kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayosifiwa kupita kiasi. Utaambiwa kwamba mimea mitatu chumbani husafisha hewa, na jina la NASA, shirika la anga za juu la Marekani, litatajwa. Ni kweli kwamba mwaka 1989 Bill Wolverton wa NASA na wenzake walionyesha kuwa mimea huondoa kemikali fulani hewani. Lakini majaribio yale yalifanyika ndani ya maboksi yaliyofungwa, si katika nyumba. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel walipitia tafiti nyingi za namna hiyo na kupiga hesabu: ili mimea ifikie kazi ya hewa inayoingia na kutoka kwenye jengo, ungehitaji kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Dirisha lililo wazi hufanya kazi hiyo bure. Weka mmea kwa sababu unapendeza na kwa sababu kuuhudumia kunakutuliza.

Wa kuanza nao ni Zamioculcas zamiifolia, ambao wauza miche wengi wanauita kwa herufi zake mbili za ZZ. Huyu ni mwenyeji wetu: huota porini kuanzia Kenya kupitia Tanzania hadi Afrika Kusini. Ilibidi vitalu vya Uholanzi vianze kumkuza kwa wingi miaka ya 1990 ndipo akaturudia akiwa na bei ya kifahari. Ana viazi chini ya udongo vinavyohifadhi maji, hivyo hustahimili kona yenye mwanga hafifu na mwenyeji aliyesafiri majuma mawili. Sansevieria, yenye majani marefu yaliyosimama, haina tofauti kubwa kwa uvumilivu. Mani planti hutambaa popote na huota mizizi hata kwenye chupa ya maji. Kwa wakazi wa Lushoto, Nairobi au Mbeya, penye ubaridi, kuna ua dogo la zambarau lililotoka misitu ya Usambara. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilikusanya mwaka 1892, na leo linapamba madirisha ya Ulaya na Marekani. Jani moja lililochomekwa kwenye udongo hutoa mche mpya. Linunue kitaluni, lile la msituni linazidi kuadimika, na kuling'oa ni kulimaliza.

Mimea ya ndani hufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu. Chomeka kidole mpaka pingili ya pili: udongo ukiwa bado na unyevu, acha. Chombo kiwe na tundu chini, hata kama ni ndoo ya rangi iliyotobolewa. Chungu cha udongo ni bora kuliko cha plastiki kwa mtu anayependa kumwagilia, kwa sababu hupitisha unyevu nje. Futa majani vumbi kila baada ya majuma mawili, na zungusha chungu ili mmea usiinamie upande mmoja.

Mimea ya harufu, yaani asumini, mrehani na mchaichai, inataka jua. Iweke varandani au kwenye kizingiti cha dirisha. Asumini hufunguka jioni, na sahani ndogo ya maua yake kando ya kitanda inaishinda chupa yoyote ya kunyunyizia. Udi sina ugomvi nao, ila moshi ni moshi: penye mwenye pumu au mtoto mchanga, usifukize huku madirisha yamefungwa.

Yapo ya kuhadhari. La kwanza ni mbu wa Aedes, aenezaye homa ya dengue, kidingapopo, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Huyu huuma mchana na huzaliana kwenye maji machache yaliyotuama, yakiwemo ya kopo la maua na ya kisahani cha chini ya chungu. Kutoka yai hadi mbu huchukua kama siku 7 hadi 10. Kwa hiyo badilisha maji kila wiki na usugue chombo kwa ndani, kwa sababu mayai hunata ukutani na huweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri maji. Visahani vijaze mchanga. Zile chemchemi ndogo za umeme za sebuleni, kwangu, hazifai: umeme ukikatika zinageuka dimbwi.

La pili ni sumu. Dieffenbachia, yenye majani mapana ya madoa meupe, huunguza na kuvimbisha ulimi ikitafunwa. Mani planti na ZZ nazo zina kemikali inayounguza vivyo hivyo. Utomvu wa manyara ukiingia jichoni ni hatari, na waridi la jangwani lina sumu ya moyo. Penye mtoto anayetambaa, mbuzi au paka, mimea hii ikae juu au isiwepo. Mtoto akitafuna jani, msafishe kinywa kwa maji, usimtapishe, na mpeleke kituo cha afya ukiwa na kipande cha jani hilo mkononi.

La tatu ni mapambo ya bahari. Makombe makubwa na vipande vya matumbawe vinauzwa ufukweni kana kwamba vimeokotwa tu, kumbe mengi hutolewa yakiwa hai. Triton, konokono mkubwa wa baharini ambaye kombe lake hupulizwa kama baragumu, ni miongoni mwa wachache wanaomla nyota bahari wa miiba, mharibifu mkubwa wa matumbawe. Matumbawe magumu na chaza wakubwa wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na kusafiri nao nje ya nchi bila kibali kunaweza kukufikisha mikononi mwa forodha. Uliyorithi kwa bibi yatunze, mapya usinunue.